Kabla ya Siga, Kulikuwa na Mbakĩ

Kila Desemba picha ni ile ile. Msee amerudi mlimani kutoka Nairobi, ameegemea gari (la kukodi, lakini hatusemi), glasi ya wiski mkono mmoja, siga nene nyeusi mkono ule mwingine. Watu wanamwaga mioyo na moto chini ya picha. Lakini ukiikuza kidogo, huko nyuma kwa kiti cha plastiki, kuna mzee anagonga kachupa kake kwa ukucha, anaweka ugoro puani na kungoja chafya. Huyo hakuna mtu amemtaja.

Mimi nasema hivi: hao wawili wanatumia mmea mmoja, na kati yao ni mzee anayejua anachotumia.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina cheti cha kuwaonyesha. Lakini nilikuwa nasoma historia, na hilo somo limekataa kuniacha. Pia niseme mapema: siuzi kitu hapa. Kama hujafika miaka 18, sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza uuziwe, na mimi sitakuwa mtu wa kukuonyesha njia ya panya.

Tuanze na siga yenyewe. Ile nyeusi inaitwa maduro, neno la Kihispania lenye maana ya "mbivu". Si rangi imepakwa, ingawa kuna zile za bei ya chini kabisa ambazo hupikwa au kupakwa rangi. Jani halisi jeusi limevundikwa. Unajua vile cucu anavundika ndizi, anazifunika mahali pa joto mpaka ziive zenyewe? Wazo ni hilo, ila hapa inachukua miezi. Wanachagua majani mazito, mengi ni ya juu ya mmea ambayo yamekula jua sana. Wanayarundika yakiwa na unyevu kidogo, na rundo linaanza kupata joto lenyewe kutoka ndani, kama rundo la samadi. Likichemka kupita kiasi wanalipasua, wanageuza, wanalirundika tena. Amonia inatoka, ule ukali wa kukwaruza koo unapungua, rangi inakolea.

Kitu ambacho wasee wengi hawajui ni kwamba jani jeusi si lazima liwe kali. Ukali mwingi uko kwa majani ya ndani. La nje linaleta utamu na ile harufu. Ndiyo maana siga nyeusi ya bei nafuu inaweza kukushangaza: ndani kuna vipande vipande vya majani, lakini nje imevaa koti zuri. Jani hilo hutoka San Andrés huko Meksiko, ama Connecticut kule Marekani, ama Brazili. Na Afrika pia tuko. Kameruni na Jamhuri ya Afrika ya Kati zimekuza jani la nje ambalo wavutaji wa siga duniani wanalitambua kwa jina. Yaani kuna mtu anaringa na siga ya "ng'ambo" kumbe ngozi yake ilitoka bara hili hili.

Nilinunua moja Nanyuki, mia nane, duka la pombe kando ya barabara kuu. Nanyuki kuna wanajeshi wa Uingereza na watalii wa kutosha kufanya siga isioze kwa kabati. Kabla ya kuwasha nilinusa: gunia la mbuni, ile kahawa iliyokaushwa na maganda yake, na kitu kama sukari nguru. Ukiwasha, pilipili inakuja kwanza, kwa midomo zaidi kuliko kwa ulimi. Baadaye kahawa chungu isiyo na maziwa, halafu ile harufu ya udongo mvua ya kwanza ikigonga shamba lililolimwa. Moshi haumezwi, unazungushwa mdomoni unatolewa. Nusu ya kwanza, nitasema ukweli, ilikuwa tamu. Nusu ya pili ulimi ulikuwa kama ngozi ya kiatu. Hapo ndipo mia nane inaonekana ni mia nane. Nikaizima.

Kile kipande kilichobaki nilikipeleka kwa guka, Tetu. Alikichambua jani kwa jani, akasugua lile la nje kati ya vidole, akanusa muda mrefu. Kisha akasema, "Jani ni zuri. Sasa mbona wanalichoma?"

Kwa guka, tumbaku ni ya pua. Mbakĩ. Jani linakaushwa mpaka livunjike mkononi, linasagwa kwa jiwe, linachanganywa na magadi. Hayo magadi hayawekwi kama pambo. Yanafungua nikotini iingie haraka kwenye ngozi laini ya pua, na mababu zetu walijua hivyo kabla mtu yeyote hajaandika kemia yake. Guka anapima ugoro kwa mambo matatu. Anaangalia ulaini, kwa sababu ukikwaruza ulisagwa na mtu mvivu. Anaangalia unyevu. Halafu anapima magadi: yakizidi unalia machozi, yakipungua unavuta unga. Siga ina majarida na watu wa kuandika maelezo marefu kuihusu. Ugoro una guka kwa kiti cha plastiki, na ujuzi ni ule ule.

Tumbaku si ya kwetu tangu mwanzo. Ni mmea wa Marekani ya Kusini na ya Kati, na ulisambaa Afrika baada ya Wareno na wafanyabiashara wengine wa bahari kuanza kuzunguka dunia. Lakini kufikia karne ya 19 ulikuwa umeshakuwa wa mlima huu kabisa. Wakikuyu walikuwa wanaukuza na kuuza. Walipeleka tumbaku kwa Wamaasai pamoja na nafaka, vibuyu na udongo mwekundu, wakarudi na mifugo na ngozi. Na hapa ndipo napenda sana: waliobeba mizigo hiyo walikuwa wanawake. Hata wakati vijana wa pande zote mbili walikuwa wanapigana, wafanyabiashara wanawake waliachwa wapite. Fikiria hiyo safari, kutoka hapa Nyeri kuteremka mpaka nyanda za Laikipia, mzigo mgongoni, ukamba kwa paji la uso, vita vinaendelea, na wewe unaenda kujadili bei ya mbuzi. Hakuna mtu amewatengenezea sanamu hao.

Vichupa navyo vilikuwa sanaa. Vya pembe, vya mti, vifuniko vya ngozi, minyororo myembamba ya kuvaa shingoni. Vingine viko kwenye makumbusho za Ulaya leo, ndani ya kioo.

Mwaka 1902 Waingereza walifika na bunduki, Meinertzhagen akiwa nao, wakaweka boma chini ya kilima cha Nyeri. Baada ya boma, wamisheni. Baada ya wamisheni, walowezi na hoteli zao. Hoteli ya Outspan ilijengwa na Eric Sherbrooke Walker, na huyu jamaa ni sinema nzima peke yake. Kabla ya kuja huku alikuwa akisafirisha pombe kimagendo kuingiza Marekani wakati pombe ilikuwa marufuku huko, kisha akaandika kitabu juu ya hiyo kazi kwa jina la uongo, James Barbican. Huyo ndiye tuliletewa kama ustaarabu. Kwenye uwanja wa hoteli hiyo hiyo ndipo Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliishi miaka yake ya mwisho, akafa Januari 1941, akazikwa hapa mjini. Kaburi maarufu zaidi la mzungu Nyeri ni la mtu ambaye tangu 1908 alikuwa anaandikia wavulana wasivute sigara. Waingereza wenzake walioketi verandani hawakuwa wanamsikiliza.

Kwa Mwafrika, sigara ya paketi ilikuja na mshahara. Kampuni ya British American Tobacco ilifika Mombasa mwaka 1907, na pole pole paketi ikawa alama: mwenye kuvuta ya dukani amefanya kazi mjini, ana pesa ya mkononi, si mshamba. Picha ya Desemba haikuanza na sisi. Wakati huo huo kanisa lilikuwa linavuta upande wake. Waumini wa uamsho uliotoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 walipofika huku, mtu "aliyeokoka" aliacha pombe na tumbaku, ugoro ukiwemo. Kwa hivyo kabla ya hata siasa kuchacha, ungeweza kujua mtu ni wa kundi gani kwa kuangalia pua na vidole vyake.

Halafu siasa ikachacha. Julai 1952 KAU ilifanya mkutano mkubwa hapa Nyeri, maelfu kwa maelfu, Kenyatta akihutubia. Oktoba, hali ya hatari ikatangazwa. Na mwaka 1953 Mau Mau wakatoa amri ambayo vitabu vya shule vinapita kama basi la usiku: msipande mabasi ya Nairobi, msinywe bia ya mzungu, msivute sigara ya mzungu. Amri hiyo ilikuwa na meno. Aliyeonekana na sigara mdomoni alijua anaweza kulipia kwa damu. Kwa serikali huo ulikuwa ushenzi tu. Mimi naona hesabu. Kila paketi ilikuwa na ushuru ndani yake, na ushuru ulinunua risasi. Lakini ugoro uliosagwa na cucu nyuma ya nyumba haukuwa na senti ya gavana ndani yake.

Ndiyo maana sipendi mtu akicheka ugoro kama ushamba. Kulikuwa na wakati ambapo ile pua yenye vumbi ilikuwa msimamo.

Haikudumu kirahisi. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru walihamishwa kwa nguvu wakawekwa kwenye vijiji vya dharura, mitaro na waya pande zote. Cucu alikuwa msichana. Anasema mamake alikuwa amepanda tumbaku pale palipokuwa na majivu ya nyumba ya zamani, kwa sababu inapenda majivu, na waliporudi shambani hapakuwa na kitu. Mpango wa Swynnerton wa mwaka huo huo wa 1954 ndio ulifungulia mkulima wa kawaida wa Kikuyu mlango wa kahawa, zao ambalo walowezi walikuwa wamelilinda kama mke. Kwa hivyo pale palipokuwa na majivu ikaingia kahawa. Kimathi alikamatwa hapa Nyeri Oktoba 1956, akanyongwa Februari 1957, na barabara ya mji sasa ina jina lake. Ukipita hapo leo utauziwa sigara moja moja.

Na kuuza sigara moja moja, kwa sheria ile ya 2007, ni kosa. Kila mtu anajua, kila kibanda kinauza. Kijana asiye na pesa ya paketi ananunua moja, akikosa hiyo anajisokotea kiraiku kwa karatasi yoyote. Halafu mwaka 2019 vikaja vifuko vidogo vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo, vyenye ladha ya mnanaa, na nusu ya marafiki zangu wakaanza kutembea na kikopo mfukoni wakisema hii si sigara. Mwaka uliofuata Mutahi Kagwe, mtu wa Nyeri hii hii, akiwa Waziri wa Afya, akasema usajili wake haukufuata sheria. Viliondolewa, vikarudi baadaye na jina jipya. Nikimwangalia rafiki yangu anagonga kikopo chake kwa ukucha, namwona guka, tofauti ni kwamba guka anajua nani alisaga.

Sitaki mtu aniambie natukuza sumu. Kaka yake guka alikuwa anaweka tumbaku chini ya mdomo kwa miaka arobaini, na saratani ilianzia pale pale. Miezi ya mwisho alikuwa anakunywa uji kwa mrija. Siga nayo, hata usipomeza moshi, mdomo na koo ni vile vile. Nilivuta moja niweze kuandika hii, na bado nakumbuka ile harufu ya mbuni, na sitanunua nyingine.

Juzi nilikuwa soko la Karatina, nikamtafuta mama anayeuza ugoro. Ana meza ndogo, kijiko cha kupimia, na karatasi za gazeti zilizokatwa tayari. Alinifanya ninuse aina mbili nimwambie ipi ina magadi mengi, nikapata, akacheka. Nikamuuliza nani alimfundisha kusaga. Mamake, akasema, na mamake alifundishwa na mama mkwe wake. Nikauliza kama binti yake anajua. Akanionyesha kwa kidevu meza ya tatu kutoka pale. Binti anauza maparachichi, na siku mbaya yake anapata zaidi ya siku nzuri ya mamake.

"Wateja wangu wanaisha," mama akasema, akafunga karatasi ya mzee aliyekuwa anangoja nyuma yangu.