Maabara na mabomu: Sayansi na vita katika Miji Pacha ya Minnesota

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaijua Minneapolis kwa mambo mawili: baridi kali na jamii ya Wasomali, iliyo kubwa kuliko nyingine yoyote nchini Marekani. Mtaa wa Cedar-Riverside, ambako Wasomali na Waoromo wengi waliokimbia vita walipata makazi, umepakana na Chuo Kikuu cha Minnesota. Ni wachache wanaofahamu kwamba chuo hicho, pamoja na viwanda vya Minneapolis na mji pacha wake wa Saint Paul, vina nafasi yake katika historia ya silaha za karne ya 20.

Mapema mwaka 1940 mwanafizikia Alfred Nier wa chuo hicho alitumia chombo cha kutenganisha atomu kwa uzito wake, akapata chembe ndogo mno za urani-235. Alizituma kwa posta hadi Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambako John Dunning na wenzake walithibitisha kwamba ni aina hiyo adimu, wala si urani-238 iliyo nyingi, inayopasuka ikigongwa na nyutroni za mwendo wa polepole. Miaka mitano baadaye bomu la urani liliangushwa Hiroshima. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ikichimbwa na Wakongo chini ya utawala wa Kibelgiji.

Husemwa kuwa mvumbuzi hawezi kubebeshwa kila litakalotendwa kwa uvumbuzi wake. Kwa Nier hoja hiyo ina uzito, ingawa mwaka 1940 wanafizikia walikwisha kuhisi swali lao lilikokuwa likielekea. Vipimo vyake vya atomu za risasi vilivyotangulia vilikuwa vimewasaidia wanajiolojia kukadiria umri wa dunia. Ujuzi ulikuwa mmoja.

Mfano mwingine ni wa Ancel Keys, mtaalamu wa lishe. Kuanzia Novemba 1944, katika maabara yaliyokuwa chini ya uwanja wa michezo wa chuo, alifanya utafiti kwa vijana 36 waliokataa kubeba silaha kwa sababu za dini au dhamiri. Kwa miezi sita walipewa chakula pungufu hadi wakapoteza takriban robo ya uzito wao, kisha wakalishwa upya kwa vipimo mbalimbali. Lengo lilikuwa kujua namna ya kuwahudumia raia wa Ulaya walioachwa na njaa. Matokeo kamili yalichapishwa mwaka 1950, wakati wengi wa wenye njaa walikwisha kupona au kufa. Hata hivyo kitabu hicho bado kinarejewa na wataalamu wa utapiamlo.

Ujuzi wa vita pia umewahi kurudi kuwa tiba. Earl Bakken, aliyekuwa mwalimu wa rada katika jeshi la anga, alirejea Minneapolis na mwaka 1949 akashiriki kuanzisha kampuni ya Medtronic katika gereji. Mwaka 1957 alimtengenezea daktari bingwa wa upasuaji Walton Lillehei kifaa kidogo cha betri cha kuongoza mapigo ya moyo, baada ya kukatika kwa umeme kuonyesha hatari ya vifaa vilivyotegemea waya wa ukutani.

Vibomu na gololi za chuma

Kisa cha Honeywell hakisamehewi kwa wepesi huo. Asili yake ni mwaka 1885, pale Albert Butz alipobuni mjini Minneapolis kifaa cha kurekebisha moto wa tanuri la nyumba. Katika Vita Vikuu vya Pili ujuzi huo wa vidhibiti uliiwezesha kampuni kutengeneza mtambo wa kielektroniki wa kuiongoza ndege ya mabomu ishike mkondo wake ilipokuwa ikilenga shabaha. Wakati wa vita vya Vietnam ilikuwa miongoni mwa wakandarasi wakubwa wa mabomu ya mtawanyiko.

Bomu la aina hiyo hufunguka angani na kumwaga vibomu vya ukubwa wa chungwa dogo, zaidi ya 600 katika aina iliyotumika sana, na kila kimoja kimejazwa mamia ya gololi za chuma. Gololi hizo hazibomoi daraja wala jengo la zege. Zilipimwa kwa ajili ya mwili wa binadamu. Hapa mhandisi hawezi kudai kwamba hakujua.

Laos peke yake iliangushiwa vibomu zaidi ya milioni 270 kati ya 1964 na 1973, na inakadiriwa kwamba hadi milioni 80 havikulipuka. Watu wapatao 20,000 wameuawa au kujeruhiwa navyo tangu mapigano yakome, wengi wakiwa wakulima na watoto. Mkoa wa Xieng Khouang, nyumbani kwa Wahmong wengi, ni miongoni mwa iliyopigwa zaidi. Wahmong waliopigana upande wa Marekani walikimbia baada ya 1975, na Saint Paul ikawa mojawapo ya makao yao makuu. Wapo basi wazee wanaoishi jirani na mji zilikobuniwa silaha zilizosalia katika mashamba ya wazazi wao.

Wakazi wa Minneapolis hawakunyamaza. Mwaka 1968 Marv Davidov alianzisha kampeni ya kuitaka Honeywell iache kazi hiyo, nayo ilidumu miongo miwili. Katika siku moja ya mwaka 1983 polisi walikamata zaidi ya watu 500. Mwaka huohuo alikamatwa pia Erica Bouza, mke wa mkuu wa polisi wa mji. Mwaka 1990 Honeywell iliitenga idara yake ya silaha kuwa kampuni mpya, Alliant Techsystems. Waandamanaji wakahamishia mabango yao huko.

Mkataba wa kupiga marufuku silaha hizi ulitiwa saini Oslo Desemba 2008, miezi michache baada ya nchi za Afrika kukutana Kampala kuujadili. Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini. Burundi iliuridhia mwaka 2009 na Somalia mwaka 2015. Marekani haikujiunga, na Julai 2023 iliamua kuipa Ukraine mabomu ya mtawanyiko kutoka maghala yake. Machi 2025 Lithuania ikawa nchi ya kwanza kujitoa.