Kupigania Uhuru wa Tanganyika: Sababu Zake, Mwenendo Wake, na Nafasi ya Uwanda wa Kati

KUPIGANIA UHURU WA TANGANYIKA ni harakati za siasa zilizoendeshwa na wenyeji wa nchi hiyo, hasa tangu kuasisiwa kwa chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954 hata kufika tarehe 9 Desemba 1961, kwa nia ya kuyatoa madaraka ya serikali mikononi mwa Waingereza na kuyatia mikononi mwa wananchi. Muda huo wa miaka saba na ushei ni mfupi, na mwisho wake ulifikiwa pasipo vita. Lakini mizizi ya jambo lenyewe imezama katika dhuluma na masikitiko ya miaka sabini iliyotangulia, wala haielekei kufahamika na mtu aitazamaye Dar es Salaam peke yake. Kwa sababu hiyo makala haya yanaitazama kwa namna ya pekee nchi ya uwanda wa kati, inayoanzia Mpwapwa na Kongwa, ikapita Dodoma na Ugogo wote, ikafika Singida na Tabora; kwa maana katika nchi hiyo ya mvua haba, dai la mtawala kwamba alikuwa mlezi wa watawaliwa lilipimwa likaonekana pungufu, na katika nchi hiyo hiyo wapigania uhuru walikata shauri lililowafikisha upesi kwenye makusudio yao.

Chanzo cha utawala wa kigeni

Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters aliingia Usagara na nchi jirani akitia watu saini katika mikataba ambayo maana yake hawakuijua, na mwaka uliofuata serikali ya Ujerumani ikaipa kampuni yake hati ya ulinzi. Mpwapwa, palipokuwa pahala pa kupumzikia misafara iliyotoka pwani kabla ya kuikabili nyika ya Ugogo, pakawa na kituo cha kampuni hiyo. Na mwaka 1889, wakati wa vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, kiongozi wa vita hivyo Bushiri bin Salim alikishambulia kituo hicho, hata kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann akafika kukisimamisha tena. Huko Unyanyembe mtemi Isike alipigana hata Januari 1893, na ngome yake ilipoingiliwa aliiwasha ghala ya baruti kuliko kujisalimisha akiwa mzima. Mkwawa wa Uhehe alishika silaha hadi mwaka 1898, na vita vya Maji Maji viliwaka kusini tangu 1905 hata 1907. Ushujaa haukupungua popote. Kilichopungua ni umoja, kwani kila kabila au kila upande wa nchi ulisimama kwa zamu yake, na kwa zamu yake ukavunjwa.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Iliwekwa kwa maslahi ya mtawala, ili ipitishe askari, mali na watumishi wa serikali. Lakini baadaye, kama itakavyoelezwa, ilipitisha na habari ambazo mtawala hakuzitaka. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika bara, majeshi ya upande wa Waingereza yaliiteka Kondoa Irangi mwezi Aprili 1916 na Dodoma mwezi Julai, na Wabelgiji wakaiteka Tabora mwezi Septemba. Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yametwaa ng'ombe, nafaka na vijana wa kuchukua mizigo. Na mvua zilipokosekana, Ugogo ukaangukiwa na njaa ambayo wazee waliiita Mtunya, iliyoua maelfu ya watu na kuwatawanya wengine mbali na kwao. Mtu atakayeuliza kwa nini mkulima wa Ugogo hakuziamini upesi ahadi za serikali yoyote, jawabu mojawapo analo hapo.

Mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa liliikabidhi rasmi Uingereza nchi hiyo, iliyokwisha kuitwa Tanganyika, iitawale kwa dhamana. Na baada ya Vita Kuu ya Pili, mwezi Desemba 1946, dhamana hiyo ikahamishiwa chini ya Umoja wa Mataifa. Hadhi hiyo ilikuwa na maana kubwa katika sheria, kwani Tanganyika haikuwa milki ya Mfalme wa Uingereza kama Kenya, bali amana. Na mwenye kushika amana hana budi kutoa hesabu yake.

Sababu za harakati

Sababu ya kwanza ni kodi isiyokuwa na sauti. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, na Waingereza wakaifuata kwa kodi ya nyumba na ya kichwa, ilhali Baraza la Kutunga Sheria lililoanzishwa mwaka 1926 halikuwa na Mwafrika hata mmoja mpaka mwishoni mwa 1945, walipoteuliwa machifu Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali. Katika Ugogo, ambako fedha ilipatikana kwa shida, mwenye nyumba ya tembe alilazimika kuuza mnyama wake au kumtoa kijana wake aende mashamba ya mkonge ili kodi ilipwe.

Sababu ya pili ni kazi za lazima. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilitwaa mamlaka ya kuwaandika watu kwa nguvu, na jimbo la kati lilikuwa miongoni mwa yale yaliyotoa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge na mpira, huku ng'ombe wakitakiwa kwa ajili ya nyama ya majeshi. Wengine waliandikwa katika King's African Rifles wakapelekwa hata Burma; nao waliporejea, wamekwisha kumwona Mzungu akikimbia na akifa kama mtu mwingine yeyote, haiba ya utawala haikubaki machoni mwao kama ilivyokuwa.

Sababu ya tatu ni amri za kilimo na mifugo, yaani kulazimishwa kupunguza ng'ombe, kulima matuta na kuogesha mifugo, zilizotolewa pasipo kuwauliza wenye mali, na kutekelezwa kwa mkono wa machifu waliofungamanishwa na serikali tangu siasa ya Gavana Donald Cameron ya kutawala kwa njia ya wenyeji. Mtemi Mazengo wa Mvumi, aliyeheshimiwa katika Ugogo wote, alikuwa mmojawapo wa viongozi wa jadi waliojikuta kati ya watu wao na mabwana shauri. Ya nne ni ardhi: mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa katika ardhi yao kwa ajili ya walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akalifikisha shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa; na ijapokuwa Wameru hawakurudishiwa haki yao papo hapo, nchi nzima ilijifunza ya kuwa mlango huo upo.

Ya tano ni siasa ya Gavana Edward Twining ya kuwapa Waafrika, Waasia na Wazungu viti sawa katika Baraza, hali Waafrika walikuwa mamilioni na hao wengine hawakufikia sehemu mbili katika mia ya watu wote. Usawa wa viti kati ya watu wasiolingana kwa idadi ni dhuluma iliyovikwa joho la insafu, na wananchi walilitambua hilo mara moja.

Mradi wa karanga

Miongoni mwa mambo yaliyoidhoofisha hoja ya ulezi, hakuna lililoonekana wazi kama mradi wa karanga wa Kongwa. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na serikali yake ikaazimia kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu za Afrika ya Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa kabisa ikiwa Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947 kwa matrekta mengi yaliyosalia vitani. Mibuyu na vichaka vilivyoshikana viliyavunja majembe. Udongo, mara jua lilipoupiga, uligeuka mgumu hata karanga zisichimbike. Na mvua, kama ambavyo kila mzee wa Kigogo angalieleza lau angaliulizwa, hazikunyesha kwa ratiba ya ofisi za London. Mradi uliachwa mwanzoni mwa 1951, baada ya kumeza pauni zinazokisiwa kuwa milioni thelathini na sita.

Hasara hiyo ilikuwa ya Waingereza. Faida yake ya siasa iliwaangukia wengine. Maelfu ya vijana wa makabila mbalimbali walikuwa wamekusanyika Kongwa kwa ujira, na makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma mwezi Septemba 1947, mgomo ulipanda na reli ukafika kwao nao wakaacha kazi. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba mtu wa Ugogo na mtu wa pwani waweza kusema neno moja kwa wakati mmoja. Fauka ya hayo, mwananchi aliyekuwa akiambiwa daima ya kuwa hajui kulima aliona kwa macho yake mjuzi akishindwa na shamba; na tangu siku hiyo ilikuwa vigumu kumshawishi kwamba ujuzi wa kutawala una rangi.

Kutoka chama cha ustawi hadi chama cha siasa

Chama cha Waafrika, African Association, kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1929, na matawi yake yakaenea zaidi katika miji ya reli, ambako makarani, walimu, wafanya biashara na watumishi wa stesheni walikutana. Tawi la Dodoma lilikuwa miongoni mwa yale yenye uhai, na mwaka 1945 chama kilifanya mkutano wake mkuu katika mji huo. Dai lake wakati huo lilikuwa la heshima, elimu na sauti, si la dola. Julius Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye akafundisha huko katika shule ya St. Mary's, alichaguliwa rais wa chama mwaka 1953. Na mwaka uliofuata kikageuzwa kuwa TANU, chenye katiba ya siasa na shabaha moja iliyo bayana, kuitawala nchi.

Mwaka huo huo ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru Tanganyika ulishauri kwamba nchi iweze kujitawala katika muda wa miaka ishirini au ishirini na mitano. Machi 1955 Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini huko New York, akaeleza haja ya nchi yake kwa upole na hoja, kisha akarudi na kuiacha kazi ya ualimu ili aitumikie TANU. Matawi yakafunguliwa, penginepo yakafungwa kwa amri ya serikali, na viongozi wakazuiwa kuhutubia. Bibi Titi Mohamed aliwaingiza wanawake kwa maelfu, na vyama vya wafanyakazi chini ya Rashidi Kawawa vilisimama bega kwa bega na chama. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya njia ya misafara na ya reli, hata mhutubu aliyetoka Dar es Salaam akafahamika Dodoma na Tabora pasipo mkalimani; neema hiyo nchi nyingi za Afrika hazikuwa nayo.

Shauri la Tabora

Serikali ilitangaza uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 kwa masharti mazito: mpiga kura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa maalumu, na kila mmoja lazima ampigie kura Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU ilipokutana Tabora mwezi Januari 1958, wengi walifika na nia ya kuususia uchaguzi huo, na hasira yao ilikuwa ya haki. Nyerere aliwasihi waushiriki, akionyesha ya kwamba kuususia kungekuwa kuwaachia viti watu wa chama cha UTP, kilichoungwa mkono na Twining, na kungeweza kuwaingiza wananchi katika fujo ambayo serikali ingeitumia kuwa hoja ya kukipiga chama marufuku. Baada ya mjadala mkali wa siku kadhaa wajumbe wakamkubali, na uamuzi huo ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akajitenga na kuunda chama chake.

Matokeo yaliuthibitisha uamuzi huo kuwa sahihi. Wagombea wa TANU na Waasia na Wazungu waliowaunga mkono, kama Amir Jamal, Sophia Mustafa na Derek Bryceson, waliushinda uchaguzi kabisa, hata silaha iliyofanywa na serikali ili kuwagawanya watu ikawa chombo cha kuwaunganisha. Katikati ya mwaka 1958 Nyerere alishitakiwa kwa kuwakashifu mabwana shauri, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Alilipa, wala chama hakikupoteza utulivu wake.

Kupatikana kwa uhuru

Gavana mpya, Richard Turnbull, aliyewasili Julai 1958 baada ya kushuhudia vita vya Mau Mau nchini Kenya, aliona heri kupatana kuliko kushindana. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Nyerere akawa Waziri Kiongozi. Mashauri ya katiba yakafanyika Dar es Salaam Machi 1961 pamoja na Waziri wa Makoloni, Iain Macleod. Madaraka ya ndani yakapatikana tarehe 1 Mei. Na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa dola huru, mwenge wake ukiwashwa kileleni Kilimanjaro na Luteni Alexander Nyirenda. Katika baraza la kwanza la mawaziri alikuwamo Job Lusinde, mzaliwa wa Dodoma, aliyeshika wizara ya serikali za mitaa.

Mkabala wa Tanganyika na Marekani

Harakati hizi zaweza kulinganishwa na zile za makoloni kumi na matatu ya Amerika, yaliyotangaza uhuru tarehe 4 Julai 1776. Kufanana kupo: huko nako manung'uniko yalianza kwa kodi zilizotozwa na bunge ambalo mlipa kodi hakuwa na mjumbe ndani yake, na viongozi walianza kwa kuomba haki kabla ya kudai dola. Lakini tofauti ni kubwa zaidi. Waamerika walipigana tangu 1775, wakapata ushindi wa Yorktown mwaka 1781 kwa msaada wa Ufaransa, na kukiriwa uhuru wao kwa mkataba wa Paris mwaka 1783. Nao walikuwa walowezi walioasi serikali ya asili yao, wakatangaza usawa wa wanadamu huku wakiendelea kumiliki watumwa. Watanganyika walikuwa wenyeji waliotawaliwa na wageni, walijaribu silaha mapema wakashindwa, kisha wakashinda kwa hoja, nidhamu na umoja; nao walitangaza usawa pasipo kumtenga Mwasia wala Mzungu aliyekubali kuwa raia.

Natija

Uhuru wa Tanganyika haukuwa hiba ya Waingereza, wala haukuwa kazi ya mtu mmoja, ijapokuwa hekima ya kiongozi wake haina shaka. Ulipatikana kwa sababu malalamiko yaliyokuwa yametawanyika, la ng'ombe Ugogo, la ardhi Meru, la ujira bandarini, yalifungwa pamoja kuwa dai moja ambalo mtawala hakuweza kulijibu kwa kumridhisha huyu na kumnyima yule. Baada ya uhuru, utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Kongwa pakawa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO, kisha wa vyama vingine vya kusini mwa Afrika. Na mwaka 1973 ikaamuliwa kuwa Dodoma iwe makao makuu ya serikali. Mambo hayo hayakuondoa ukame wala umaskini wa uwanda wa kati. Yalichoondoa ni ile desturi ya kuamuliwa mambo na watu wa mbali wasiotakiwa kutoa hesabu. Na serikali yoyote itakayotawala kutoka Dodoma itapimwa kwa kipimo kile kile alichopimiwa mkoloni aliyelima Kongwa, yaani iwapo imemwuliza mwenye nchi kabla ya kumwamulia.