Kamiti na Ardhi Iliyogawanywa

Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama wa pwani ya Kenya, alipoachiliwa mwaka 1919, alikuwa na mahali pa kurudi. Waingereza walikuwa wamemkamata mwaka 1913 kwa kuwaapisha Wagiriama wasitoe vijana wao waifanyie kazi serikali, wakampeleka Kisii pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola. Wote wawili walitoroka, wakarudi pwani kwa miguu mwaka 1914, wakashikwa tena. Mwaka huohuo Kaya Fungo, makao yao matakatifu, ililipuliwa kwa baruti. Hata hivyo, Wagiriama walimpokea mama yao na kumkabidhi uongozi wa baraza la wanawake.

Miaka 35 baadaye, wanawake wa Mkoa wa Kati hawakuipata bahati hiyo. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952 kwa sababu ya wapiganaji wa msituni waliopinga ukoloni, na kufikia 1954 gereza la Kamiti lilikuwa limejaa akina mama Wakikuyu, Waembu na Wameru. Waliokamatwa kwa kupeleka chakula msituni walikuwamo, waliokula kiapo cha wapiganaji walikuwamo, na wengine kosa lao lilikuwa kuolewa na mtu aliyekimbilia msituni. Mpaka hali hiyo ilipoondolewa mwaka 1960, wanawake wapatao 8,000 walikuwa wamepita kizuizini.

Walivunja mawe, wakalima, wakabeba ndoo za choo vichwani. Kazi waliyoichukia kuliko zote ilikuwa kuzika maiti zilizoletwa na malori. Wengi walikuwa na watoto wachanga, na mtoto akifa, mama alimzika kisha akarudi kwenye foleni ya kazi. Kwa upande mwingine, wakubwa wa kambi waliwafundisha kushona na usafi wa nyumba, wakiliita hilo kurekebisha tabia. Sijui nani alidhani mkulima wa Nyeri alihitaji kufungwa ndipo ajue kufagia. Eileen Fletcher, Mwingereza wa madhehebu ya Kweka aliyewahi kuajiriwa katika mpango huohuo, alieleza hadharani mwaka 1956 kwamba aliwakuta humo wasichana wa miaka 11 na 12 wakitumikia kifungo cha maisha. Serikali ikabishana naye juu ya umri wao.

Wakati wao wakiwa ndani, nje mambo hayakusimama. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kurundikwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyochimbiwa mahandaki na kulindwa na homugadi, askari wenyeji wa serikali. Mwaka huohuo ulianza mpango wa Swynnerton: vipande vya mashamba vikaunganishwa, vikapimwa, vikaandikishwa, na hati karibu zote zikatoka kwa majina ya wanaume. Aliyekuwa kizuizini hakuwapo mipaka ilipokuwa ikiwekwa, na hakuwa na wa kumtetea mbele ya kamati iliyojaa watu waliokuwa upande wa serikali. Mwanamke alipigwa dafrao mara mbili: kwanza kwa kutokuwapo, pili kwa kuwa mwanamke. Akitoka Kamiti na kumkuta mume ameoa mwingine au amekufa, hakuwa na pa kushika jembe.

Uhuru nao ulikuja na sura zake kwa mwanamke aliyetoka kifungoni. Bibi Titi Mohamed, mwenyekiti wa kwanza wa UWT, umoja wa wanawake kule Tanzania, alikamatwa mwaka 1969 kwa tuhuma za uhaini na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Nyerere alimsamehe mwaka 1972. Akarudi Dar es Salaam, lakini ndoa ilikwishavunjika na marafiki wa siasa walikuwa wakimkwepa. Ilipita miaka mingi kabla ya chama alichokijenga kumtaja tena kwa heshima. Leo jina lake liko kwenye barabara kubwa ya jiji.

Wale wa Kamiti na kambi nyingine walingoja zaidi. Jane Muthoni Mara, aliyekamatwa akiwa na miaka 15 na kuteswa katika kambi ya Gatithi, alikuwa mmoja wa waliofungua kesi London. Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wadai 5,228 pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo. Ikagharimia pia mnara wa kumbukumbu katika bustani ya Uhuru Park, uliozinduliwa Septemba 2015: mwanamke anampa mpiganaji chakula, kila mmoja akitazama upande wake ili asije akamtaja mwenzake akihojiwa. Katika makubaliano yale, ardhi haikurudishwa hata ekari moja.