Nyanya, Mtunza Maktaba wa Ukoo: Kumbukumbu za Kibati Chini ya Nyiragongo

Wahenga walisema: penye wazee haliharibiki neno. Sisi wa Kibati tunalielewa neno hilo vizuri, maana kwetu huku, kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, karatasi hazikai. Moto wa mlima unazila, mvua inaziozesha, na siku ya kukimbia mtu anakamata mtoto na godoro, hakamati daftari. Basi historia yetu imewekwa fasi nyingine: katika kichwa cha nyanya, yule watoto wanamwita koko. Hapa tunataka kumkumbuka kama mtunza maktaba, tena mwenye utaratibu wake.

Wazo hili si letu peke yetu. Mwaka wa 1960 Amadou Hampâté Bâ wa Mali aliwakumbusha wakubwa wa UNESCO kwamba mzee wa Afrika akifa, ni sawa na maktaba iliyoungua. Mwaka uliofuata, 1961, Mbelgiji Jan Vansina, aliyekuwa amefanya utafiti kwa Wakuba wa Kasai na huko Rwanda, alitoa kitabu kinachoonyesha kwamba masimulizi ya mdomo yanaweza kupimwa na kulinganishwa kama vile hati zinavyopimwa. Kwa hiyo mwalimu wa historia asimcheke nyanya anayesema "sijui mwaka." Mwaka anaujua, ila anauita kwa jina lingine.

Kalenda ya nyanya

Tuchukue mtoto wa kike aliyezaliwa mwaka wa 1925, mwaka ambao Wabelgiji waliunda Hifadhi ya Albert, leo Virunga. Wazazi wake walikuwa bado wanasimulia vita ya 1914–1918, wakati jeshi la Wabelgiji lilipopiga kambi hapa Kibati kabla ya kuingia Rwanda mwaka wa 1916 na kufika mpaka Tabora. Akiwa msichana wa miaka 13 aliona mwanga wa Nyamulagira, iliyotapika toka 1938 mpaka 1940, mpaka moto ukaingia ziwani Kivu upande wa Sake. Mwaka wa 1943 na 1944 aliona watu wakivuka kutoka Rwanda juu ya njaa ya Ruzagayura. Uhuru wa 1960 ulimkuta mama wa watoto. Mwaka wa 1971 nchi ikaitwa Zaire. Na tarehe 10 Januari 1977 Nyiragongo ikapasuka, ziwa la moto likamwagika kwa muda usiofika saa moja, watu wakakosa hata nafasi ya kukimbia.

Akiwa amefika miaka 69 akaona wakimbizi wa 1994 na kipindupindu chao. Akiwa na 76 au 77, tarehe 17 Januari 2002, moto ukashuka mpaka katikati ya Goma. Maisha marefu ya mwanamke mmoja ni mafungu kumi ya somo la historia. Akisema "huyu alizaliwa wakati wa njaa, yule moto wa kwanza ulipokuja," tayari ametupa tarehe mbili. Kazi yetu ni kuzipigia hesabu tu.

Rafu ya hadithi na rafu ya mazuku

Jioni, wakati maharagwe yanachemka, maktaba ilikuwa inafunguliwa. Kulikuwa na hadithi za sungura za kuchekesha. Kulikuwa pia na habari za Ryangombe, zinazojulikana pande zote mbili za mpaka: waliopokewa katika ibada yake, wakifa, wanaenda kupumzika Karisimbi, na wengine wanatupwa katika moto wa Nyiragongo. Mlima wenyewe una jina la kike, maana "nyira" ni mwanzo wa majina ya wanawake.

Lakini rafu yenye thamani kubwa ni ya maonyo. Nyanya alisema: mtoto asishuke bondeni asubuhi mapema, asilale kwenye shimo la mawe, na akiona ndege au chura amekufa bila kidonda, arudi nyuma. Hayo ndiyo mazuku, neno la kwetu lililoingia hata katika vitabu vya wanasayansi. Nao wanaeleza jambo lile lile: ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, inajikusanya mashimoni wakati hakuna upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupona fasi ambapo mtoto au mbuzi anaanguka. Nyanya hakusema "kaboni," lakini aliokoa watu.

Maktaba inapohama

Hapo ndipo wasiwasi wetu ulipo. Onyo la nyanya linahusu bonde fulani, na mtu aliyehamishwa halijui bonde la fasi anapofikia. Mwaka wa 2008 makumi ya maelfu ya wale tunaowaita badeplase walijaa Kibati. Mwaka wa 2013 mizinga ilipigwa kwenye vilima vyetu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukapasuka tena. Januari 2025 M23 waliingia Goma, na kambi za pembeni ya mji zikavunjwa, watu wakatawanyika. Kila safari nyanya mmoja anakwenda mbali na wajukuu wake, na rafu nzima inapotea bila moto.

Kuna mfano mzuri Kenya. Priscilla Sitienei, aliyeitwa Gogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin, alikuwa mkunga kwa zaidi ya miaka 60. Alipokaribia miaka 90 alikaa darasani pale Ndalat pamoja na watoto, baadhi yao aliwazalisha yeye mwenyewe. Alitaka kuandika ujuzi wake wa uzazi na dawa za miti. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99.

Wa kwetu si sherti waende shule. Sherti sisi tuende kwao. Tunaomba kila mwalimu awape wanafunzi maswali matatu: Koko, ulizaliwa wakati wa tukio gani? Moto ulipita wapi, na wewe ulikimbilia wapi? Fasi gani hapa zina mazuku? Majibu yaandikwe katika madaftari mawili, moja libaki kwenye familia, lingine likae mbali na hapa. Anayesoma ukurasa huu na nyanya yake bado yupo, asingoje likizo.