Batini Si Siri

Mfasiri mwenye haraka akikutana na neno esoteriki huandika "-a siri" na kupita. Ishara za esoteriki zinageuka "ishara za siri", na msomaji anapata picha ya kitu kilichofungiwa kabatini. Naona tafsiri hiyo inalikosea neno, na mfano mzuri wa kuonyesha hivyo ni Frimasoni, jina ambalo huku kwetu halitajwi bila minong'ono.

Frimasoni, tukilichukua neno lenyewe, ni mwashi huru. Chama cha Frimasoni kilipata umbo lake la leo London mwanzoni mwa karne ya 18. Katiba iliyoandikwa na James Anderson ilichapishwa mwaka 1723. Kilirithi vifaa vya mafundi wa mawe: guni ya kupimia pembe mraba, bikari ya kuchorea duara, timazi ya kunyooshea ukuta. Fundi wa mtaani kwako anayo guni, na timazi pia, wala hafichi. Kinachobadilika ndani ya loji, yaani mkutano wao, ni kazi ya kifaa. Guni sasa inapima unyoofu wa mwenendo, bikari inachora mpaka ambao tamaa zisivuke. Jiwe lisilochongwa ni mtu mwenyewe siku anayoingia, na lililochongwa likakaa sawa ni vile anavyotarajiwa kuwa.

Hata maneno ya ibada yao yalianikwa mapema. Mwaka 1730, Samuel Prichard alichapisha London kijitabu chenye maswali na majibu ya ngazi zote tatu za chama, akakiuza kwa yeyote mwenye senti zake. Ingekuwa siri ya kabatini, chama kingekufa mwaka huohuo. Hakikufa. Aliyekisoma kijitabu alijua kinachosemwa ndani, lakini alibaki nje vilevile.

Turudi kwenye neno. Esoteriki ni la Kigiriki, na mzizi wake ni "ndani", ukiongezewa kiambishi cha kulinganisha: ya ndani zaidi. Lucian, mwandishi wa karne ya 2, alilitumia kwa mzaha katika hadithi ya mnada wa wanafalsafa. Mfuasi wa Aristotle ananadiwa kuwa ni watu wawili, mmoja ukimtazama kwa nje na mwingine ukimtazama kwa ndani. Zingatia kwamba aliyesimama mnadani ni mmoja tu.

Kiswahili kina neno linalobeba maana hiyo, nalo ni batini. Kwa Kiarabu limetoka kwenye tumbo, kama dhahiri ilivyo ndugu ya mgongo. Anayehesabu majina 99 ya Mwenyezi Mungu hulikuta Adh-Dhahir limekaa bega kwa bega na Al-Batin. Batini haihitaji kufuli, maana ni tumbo la kitu kilekile ambacho mgongo wake unauona. (Mwandishi wa mambo ya dini awe mwangalifu kidogo: wapinzani wa Waismaili waliwabandika jina la Batiniya, na halikuwa la sifa.) Kwa hiyo naandika "ishara za batini", na siri naiachia nywila na barua za mapenzi.

Batini, hata hivyo, ni neno la vitabuni. Barazani tunalo fumbo, na hapa Kiswahili kinamzidi Mgiriki. Frimasoni mpya huletwa akiwa amefungwa kitambaa machoni na kamba shingoni, baada ya kuvuliwa kila chenye madini. Baadaye kitambaa kinaondolewa, aone mwanga. Kufumbwa, kisha kufumbuliwa: kitenzi kilekile tunachotumia kwa jicho ndicho tunachotumia kwa fumbo. Alama ya barabarani haifumbuliwi, inasomwa tu. Fumbo linataka mtu wa kukufumbulia.

Makungwi wetu hawakungoja London kuwafundisha hilo. Mwaka 1956 mtafiti Hans Cory alichapisha kitabu juu ya vinyago vya udongo vilivyotumika katika unyago na jando huko Tanganyika. Kinyago kililetwa mbele ya mwari pamoja na wimbo wake, na wimbo ndio uliobeba fundisho. Kukishika kinyago bila wimbo ni kushika udongo.

Limebaki neno la tendo lenyewe. Magazeti husema mtu "amejiunga" na Frimasoni, kama anavyojiunga na SACCOS: unajaza fomu, unalipa kiingilio. Lakini mwari hajiungi na unyago, anachezwa. Mvulana hutiwa jandoni, hajitii. Kauli ya kutendwa si pambo la sarufi hapa, kwa sababu hakuna awezaye kujifumba kitambaa mwenyewe, akajifumbua, akadai ameingizwa. Ningeandika "kutiwa uashi", na najua mhariri atalikata. Yale matangazo yanayobandikwa kwa jina la Frimasoni kwenye nguzo za umeme, yanayoahidi utajiri kwa namba ya simu, nayo yana neno lilelile la mhariri: jiunge.