Khabari Nzito Ilipofika Mrima

Ndugu msomaji, ziko khabari ambazo mtu akizipokea hukaa chini kabla hajaambiwa akae. Khabari ya namna hiyo iliingia katika majumba ya Mrima mwezi wa Mfungo Saba mwaka 1307, yaani Disemba 1889: Abushiri bin Salim Al-Harthi amekamatwa, na tarehe 15 amenyongwa Pangani.

Ili uujue uzito wake, rudi nyuma mwaka mmoja na miezi. Sayyid Barghash alifariki Machi 1888. Mwezi uliofuata Sayyid Khalifa, aliyeshika kiti baada yake, alitia saini mkataba wa kuikodisha pwani kwa kampuni ya Wadachi kwa miaka 50. Agosti kampuni ikaja Pangani kutweka bendera yake. Liwali alikataa. Wakashushwa askari wa manowari, na ilikuwa siku za Idi ya kuchinja. Yasimuliwa kuwa waliingia msikitini na viatu vyao na mbwa wao. Hapo Pangani ikachafuka, na Tanga na Saadani zikafuata. Septemba hiyo Tanga ilipigwa mizinga kutoka baharini.

Mwaka 1889 akaja Wissmann na askari wa Kisudani walioandikwa Misri, pamoja na wengine kutoka Msumbiji. Mwezi Mei ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo ilivunjwa. Juni Saadani ikaanguka, na Julai, katika siku chache tu, zikaanguka Pangani na Tanga. Abushiri akakimbilia bara, na watu wa huko huko ndio waliomkamata na kumtoa. Hilo la mwisho nadhani liliuma kuliko kamba yenyewe.

Sasa basi, Mwislamu apokee vipi khabari kama hii? Wengi wetu tumezoea kufikiri kuwa subira ni kunyamaza. Sivyo. Mtume (s.a.w.) alilia alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim, na akawaeleza masahaba waliostaajabu kuwa machozi ni rehema. Alichokikataza ni ulimi kusema yasiyomridhisha Mola. Na yule mwanamke aliyemkuta akilia kaburini alimfundisha kuwa subira yenye thamani ni ile ya pigo la kwanza. Baada ya siku arubaini kila mtu husubiri, apende asipende.

Wala unyenyekevu si kusema kuwa dhalimu alikuwa na haki kwa vile ameshinda. Mkataba ule ulikuwa dhulma kwa watu wa pwani ambao hawakuulizwa, na kushindwa kwao hakuubadilishi ukawa halali. Kadari ya Mwenyezi Mungu ni jambo moja, na hesabu ya aliyetenda ni jambo jingine.

Lakini unyenyekevu una upande wake mchungu, na hapa nakuomba usiniruke. Mtu aliyepigwa hujiuliza: na sisi je? Pangani ya wakati ule ilikuwa mji wa mashamba ya miwa na sukari, na miwa ile ililimwa na watumwa. Abushiri mwenyewe alikuwa mwenye shamba. Tunamheshimu kwa kusimama kwake, ila hatumfanyi walii. Waliokuwa wakilia Pangani siku ile ya Disemba walikuwamo waliopokonywa nchi yao, na walikuwamo pia ambao wao wenyewe walikuwa wamewapokonya wengine watoto wao. Yote mawili ni kweli, na moyo unaomnyenyekea Mola huweza kuyabeba yote mawili bila ya kulitumia moja kulifutia jingine. Jeuri ndiyo isiyoweza.

Katika watu wa Tanga alikuwako mwanachuoni mshairi, Hemed bin Abdallah Al-Buhry. Yeye vita vile alivitungia utenzi, unaobeba mwaka 1307 katika anwani yake: Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Angalia neno hilo, kutamalaki. Ameandika wazi kuwa Wadachi wameitwaa nchi. Hakujificha nyuma ya maneno ya kujipoza, wala hakusubiri mpaka mambo yatengenee ndipo apate la kusema. Alishika kalamu akawaandikia watakaokuja baadaye, na baadaye utenzi huo ukachapwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen.

Huko Saadani, Bwana Heri aliendelea kupigana mpaka Aprili 1890 alipoweka silaha chini. Mwaka huo huo Sultani aliuziwa hoja kuwa pwani haitarudi tena mkononi mwake, akalipwa fedha. Yaani khabari mbaya haikuja moja.

Huenda ukauliza, ndugu yangu, watu walifanya nini kesho yake? Waliwazika maiti wao wakawaombea. Vyuo vya Kurani vya Mrima havikufa kwa vita vile. Hemed alikuwa na mwana, Sheikh Ali, ambaye alisoma akawa mwanachuoni na kadhi wa Tanga. Mwaka 1923, Wadachi wakiwa wamekwisha ondoka na Mwingereza ndiye mwenye serikali, kilichapwa kitabu chake cha Mirathi. Kilitiwa tafsiri ya Kiingereza na P.E. Mitchell, ili maafisa wa serikali wapate kujua mali ya Mwislamu aliyekufa inagawanywaje.