Ardhi, Wakunga na Uzazi Katika Kajiado

Husemwa mara nyingi, na hasa na watu wa mjini, kwamba mwanamke wa Kimaasai alizoea kujifungulia nyumbani kwa sababu ya ujinga au ukaidi. Nami naona kauli hiyo imewadhulumu watu ambao kwa muda mrefu hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Kwa mapatano ya mwaka 1904, na tena ya mwaka 1911, Waingereza waliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa na Laikipia, wakawakusanya katika hifadhi ya kusini, ambayo Kajiado ni sehemu yake. Reli ya Magadi ilipita katikati ya nchi hiyo kabla Vita Vikuu vya kwanza havijakwisha, lakini iliwekwa kwa ajili ya magadi, si kwa haja ya waja wazito. Na hata Lady Grigg, mkewe gavana, alipoanzisha nyumba ya uzazi Pumwani mwaka 1926, jambo lililokuwa la faraja kubwa kwa wanawake wa Nairobi, kwa mke wa mfugaji ahamaye kufuata mvua Pumwani ilikuwa jina tu.

Aliyekuwapo, basi, ni mkunga, ambaye kwa Kimaasai huitwa enkaitoyoni, aghalabu mama mtu mzima aliyekwisha kuzaa mwenyewe na kushuhudia uzazi wa wengi, tena jirani au jamaa wa mume. Kazi yake aliifanyia ndani ya enkaji, nyumba fupi ambayo mwanamke huijenga kwa mikono yake kwa fito na kuikandika kwa samadi, yenye kiza hata adhuhuri, moto ukifuka humo na wanaume wakingoja nje. Hapo hulikanda tumbo kwa mafuta ya kondoo, akautafuta mlalo wa mtoto kwa viganja, na mtoto akishatoka akakata kitovu. Kisha huchinjwa kondoo, mzazi apate nyama na mafuta ya kumrudishia nguvu.

Lililowastaajabisha matabibu kuliko yote ni desturi ya kumpunguzia mja mzito chakula katika miezi ya mwisho, ili mtoto asinenepe tumboni. Tabibu atasema, na kwa haki, kwamba mama hupungukiwa damu na mtoto huzaliwa dhaifu. Lakini na tuitazame hesabu ya enkaitoyoni mwenyewe, ambaye hana kisu cha upasuaji, wala damu ya kuongeza, wala gari la kumbebea mgonjwa: kwake yeye mtoto mkubwa akikwama ni misiba miwili kwa siku moja, na mtoto mdogo apitaye ni afadhali. Siitetei desturi hiyo, maana madhara yake ni dhahiri. Nasema tu kwamba ilizaliwa na ukosefu wa upasuaji, na mahali penye upasuaji haina tena hoja.

Mabadiliko yalikuja kwa njia ya ardhi kuliko kwa njia ya mawaidha. Sheria ya mwaka 1968 iliwaweka wafugaji katika ranchi za kundi, na ile ya Kitengela, huko huko Kajiado, ikagawanywa mwaka 1988, kila mwenye haki akapata kipande chake. Baada ya hapo seng'enge zikasimama, viwanja vikauzwa, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, ambayo kwayo Athi River, ng'ambo tu ya hapo, ilipata viwanda vya nguo vilivyoshamiri baada ya Marekani kufungua soko lake mwaka 2000. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliikuta Kitengela ina wakazi zaidi ya 150,000. Leo zahanati na nyumba za uzazi za binafsi zimepanda juu ya maduka, hospitali ya serikali ipo, na Pumwani yenyewe imekuwa safari ya matatu. Hata hivyo yule mshonaji wa kiwandani aliyepanga chumba kimoja, ilhali mama yake mzazi yuko Kitui au Kisii, yeye naye hakuchagua sana: huenda hospitali kwa kuwa ni salama, naam, na pia kwa kuwa hana wa kumkanda mgongo nyumbani.

Mkutano wa Nairobi wa mwaka 1987 juu ya uzazi salama ulikuta wakunga wa jadi wakifunzwa usafi na dalili za hatari; baadaye shauri likabadilika, wakaambiwa waache kuzalisha na kazi yao iwe kuwasindikiza wazazi hospitalini. Tarehe 1 Juni 2013 serikali ilifuta ada za uzazi katika hospitali zake. Katika Kenya nzima, uchunguzi wa mwaka 2014 ulionyesha asilimia 61 ya watoto wakizaliwa katika vituo vya afya, na ule wa mwaka 2022 ukaonyesha karibu tisa katika kila kumi wakipokewa na mtaalamu.

Ila ada ndiyo iliyofutwa, si nauli. Na mwenye uchungu usiku wa manane katika nyika za Magadi au Mashuuru bado hutafuta pikipiki. Kaunti na ijenge karibu na hospitali zake nyumba za kungojea siku, ambamo mwanamke wa mbali atafika mapema, na mkunga wake aruhusiwe kuingia naye hadi chumba cha kuzalia.